Sanduku la Hawajakuja

Kama ungetaka kumkasirisha Papa Foto, ungemwambia tu kwamba picha zake ni historia. Alivumilia mengi mzee yule: vumbi jekundu lililoingia mpaka kwenye chai yake, pikipiki zilizopiga honi mlangoni, wateja waliodai weupe ambao Mungu hakuwapa. Neno hilo moja ndilo lililomshinda. "Historia ni ya watu wenye walimaliza," alikuwa akisema. "Hizi foto ziko zinangoja wenyewe."

Mimi nilikuwa jirani yake na mwandishi wa barua zake. Nina kibanda cha sekretariati pale Nyakasanza, mjini Bunia: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayofanya kazi siku ikitaka, na ubao wa nje unaotangaza kwamba naandika barua, maombi na hati za kila namna. Studio yake ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwangu. Nilimwona kila siku ya kazi, na Jumapili nilimwona kanisani, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa si ya kusikia kwa watu.

Sitasema alizaliwa wapi. Kwanza haimhusu mtu, na pili sijui. Aliyemuuliza kwao alipewa jibu, ila jibu lilibadilika kufuatana na nani yumo chumbani. Kwa mtu wa Mahagi, mzee alikuwa wa upande wa Mambasa. Kwa mtu wa Mambasa, alikuwa mtu wa ziwani. Mimi aliniambia siku moja kwamba ametoka Niania, na kesho yake nikamsikia akimwapia mteja kwamba Niania hajawahi hata kulala. Lugha za watu wote alizisema, na zote alizisema vibaya kwa kiasi kilekile, nadhani kwa makusudi. Katika mji ambao kwa miaka fulani mtu aliulizwa kwao kabla ya kusalimiwa, huo ulikuwa ufundi mkubwa kuliko wa kupiga picha.

Shida yake ilikuwa hii. Alikuwa na mizigo miwili ya picha alizozipiga tangu enzi za karatasi na maji ya dawa. Filamu zilikuwa zimeoza zamani, kwa hiyo kila picha ilikuwa peke yake duniani, ikiharibika, imekwisha. Mzigo wa kwanza, wa makatoni ya biskuti, ulikuwa wa wakubwa: magavana wakikata utepe, maaskofu wakishuka ndegeni, wafanyakazi wa dhahabu wa Mongbwalu wamepangwa mistari mitatu mbele ya kinu, mto uliofurika na mkuu fulani akiutazama kana kwamba ataupiga faini. Mzigo wa pili ulikuwa ndani ya sanduku la bati, na juu yake alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe neno moja: HAWAJAKUJA. Humo walikuwamo watu wa kawaida waliokaa mbele ya kamera yake kisha hawakurudi kuchukua picha. Wengine walikufa, wengine walikimbia, na wengine, hasa wanawake, hawakupenda walivyotokea.

Paa la studio lilikuwa linavuja, panya walikuwa wamezaa nyuma ya kabati, na jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa na utando. Alitaka kuzipatia picha nyumba kabla jicho la kushoto halijafuata. Hilo tu ndilo alilolitaka katika miaka yake ya mwisho ya kazi, na alilitaka kwa ukaidi uliowachosha watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza.

Lazima niseme habari za koti. Studio ilikuwa na koti moja la buluu, ambalo tai yake ilikuwa imeshonewa palepale kifuani. Kila aliyekuja kwa picha ya kitambulisho, au ya kupeleka ukweni, alivalishwa koti lile. Mwalimu alilivaa. Katekista alilivaa. Mchimba dhahabu aliyeshuka kutoka Mongbwalu na matope mpaka magotini alilivaa, na mzee akaikata picha kiunoni, na duniani kote hakuna atakayejua habari za matope. Mwizi mmoja mashuhuri wa soko letu alilivaa pia, akatoka mzuri kuliko katekista. Waliokondeana walibanwa kwa nyuma na pini za kuanikia nguo.

"Kaa sawa," mzee alikuwa akiamuru. "Funga kinywa. Usicheke. Serikali haichekaka."

Hata wachumba aliwakataza kucheka, ingawa serikali haikuwahusu. Ukimuuliza kwa nini, alisema kicheko hutembea na picha inahitaji mtu aliyetulia. Yeye mwenyewe alicheka siku nzima.

Basi alikuja mtafiti mmoja kutoka Ulaya, kijana mpole, na glavu nyeupe mkononi, aliyejifunza Kiswahili huko pwani. Alipitia picha siku mbili nzima. Siku ya tatu uso wake uling'aa. Alikuwa amegundua kitu.

"Mzee," alisema, "naona wanaume wengi wa hapa walivaa sare moja. Je, hiki kilikuwa chama cha makarani?"

Mimi nilikuwa nimeketi pale kama mkalimani, kazi ambayo haikuhitajika. Nilimtazama Papa Foto. Papa Foto alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekumbuka mambo mazito.

"Ilikuwa chama kubwa," alijibu. "Kila mutu aliingia."

Kijana aliandika. Alipoondoka nilimwambia mzee kwamba amefanya dhambi. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyeishona tai ile kwa mkono wake, na kama kuna chama, basi mwanzilishi ni yeye. "Halafu anaongea Swahili ya redio," aliongeza. "Mutu wa redio unamujibu sawa redio."

Kulikuwa pia na daftari. Kila mpiga picha ana daftari la wateja, lakini la kwake halikuwa na jina hata moja. Ungekuta: mama wa kitenge ya kuku. Muzee, sikio moja kubwa. Kijana wa Mongbwalu, anaogopa. Mapacha, mumoja analia. Ukurasa baada ya ukurasa namna hiyo, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni uvivu, na kama mtu wa ofisi niliona aibu kwa niaba yake.

Mwaka ule mbaya wa vita, watu wenye bunduki walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa kabila la upande wa pili, waliingia studio. Walijua kwamba mpiga picha ana daftari, na katika Ituri jina la mtu linaeleza kwao bila kuulizwa. Mkubwa wao alilifungua, akasoma kwa sauti: mama wa kitenge ya kuku; muzee, sikio moja kubwa. Akauliza majina yako wapi. Mzee akamjibu kwamba haandiki majina, kwamba mtu akirudi anamtambua kwa uso. Walimpiga usoni kwa daftari hilo, wakaenda zao. Papa Foto alipenda kunisimulia kisa hicho kama lalamiko: eti jalada lilichanika, na jalada kama lile halipatikani tena Bunia. Mimi sikuweza kucheka. Niliwaza watu wangapi wa pande zote mbili walilala salama usiku ule kwa sababu ya kitenge cha kuku, na wao wenyewe hawajui.

Ila usidhani kwamba majina alikuwa hayajui. Yote yalikuwa kichwani. Niligundua siku nilipomwonyesha picha moja kwa mzaha, ya mtu mwembamba mwenye kofia. Alifungua kinywa, akakifunga. "Mutoto yake akikuya, nitamuambia yeye," alisema. "Weye uko mutoto yake?"

Tulipokimbia mji, kila mtu alibeba alichoona cha maana. Mimi nilibeba mashine ya kuandikia, na mke wangu bado hajanisamehe. Papa Foto alilifunga sanduku la Hawajakuja kwenye baiskeli, akaacha godoro, sufuria na makatoni ya wakubwa wote. Tuliporudi, godoro halikuwapo, sufuria hazikuwapo. Wezi walikuwa wamechukua hata makatoni ya biskuti, lakini waliyamwaga kwanza, kwa hiyo magavana na maaskofu tuliwakuta wametandazwa sakafuni, salama kabisa. Hakuna mwizi aliyewataka.

Hata ofisi ya wilaya nayo iliwahi kuazima picha ya mkuu mmoja wa zamani, ikaitia kwenye fremu ya dhahabu na kuitundika ukutani. Wakati ulipobadilika, mzee alikwenda kuidai. Fremu ilikuwa palepale, na ndani yake mkubwa mwingine. Walimrudishia ya kwake imekunjwa mara nne. Aliinyoosha kwa pasi ya makaa, akiisemesha kama mgonjwa.

Alikuwa mtu mgumu kuelewana naye, nisije nikampamba. Mtu akija kuchukua picha baada ya miaka kumi na miwili, alimgombeza robo saa nzima, akamwita mzembe, akamuuliza kama nyumbani kwao hawafundishi kutimiza ahadi. Kisha alienda nyuma ya pazia, akarudi na picha ameifunga kwenye karatasi ya maua, na kamba, na fundo la kipepeo. Niliona wanaume wazima wakitoka pale wanalia bila kujua wanalia kwa matusi au kwa fundo.

Na kunakili alikataa kabisa. Nilimwambia mara nyingi: Papa, tuzipitishe kwenye mashine yangu, tuziweke kwenye kompyuta, yaishe. Alisema ukimtoa mtu mara mbili, mwenyewe hatakuwa na sababu ya kuja. Hoja hiyo niliiona ya kijinga wakati ule.

Tukaanza kutafuta nyumba. Barua niliziandika mimi, kwa Kifaransa cha heshima, na kila barua alinisomesha mara tatu ili ahakikishe kwamba sikuweka lile neno la historia. Nililiweka kila mara, na nikimsomea nililiruka. Bila neno hilo hakuna ofisi ingejibu.

Ilijibu kwanza parokia. Padri kijana alikuja mwenyewe, akapiga magoti kutazama, akafurahi kwelikweli.

"Papa, tutazilinda muzuri, kwa kabati ya chuma. Ila tutachagua kwanza."

"Mutachagua nini, mon père?"

"Zenye ziko za kanisa. Ba-askofu, ubatizo, chapeli ya kwanza."

"Na zenye zitabaki?"

Padri alijipangusa magoti. "Zile zingine ni mambo ya dunia, papa."

"Miye pia niko mutu wa dunia," alisema mzee, akafunga sanduku. Jumapili alikwenda misa kama kawaida, akakaa benchi la mbele, akakomunika, lakini kwa mwezi mzima hakumpa padri mkono wa amani.

Kisha kikaja chuo. Profesa alikuwa mtu wa adabu na alileta fomu. Kila picha ilipaswa kuwa na jina, mwaka, mahali, na safu ya nne, kabila. Bila hivyo, alieleza, huo si mkusanyo, ni makaratasi. Papa Foto aliisoma ile fomu mpaka chini. Aliuliza swali lake, lile ambalo alimuuliza kila mmoja aliyekuja:

"Mutu akikuya kutafuta baba yake, nani atamufungulia?"

"Ataandika ombi kwa katibu mkuu," alijibu profesa, "nakala mbili, na sahihi ya mukubwa wa kitivo. Jibu linatoka kisha juma mbili."

Mimi nilitabasamu, kwa sababu maombi ya namna hiyo ndiyo yanayolisha watoto wangu. Mzee hakutabasamu. Alisema anashukuru, lakini safu ya nne ni nyembamba sana, haitamtosha mtu.

Yule mtafiti wa glavu naye aliulizwa swali hilohilo, akajibu kwa furaha kwamba picha zote zingewekwa kwenye mtandao, na mtu yeyote popote duniani angebonyeza tu na kumwona baba yake.

"Na umeme ikikosa?" aliuliza Papa Foto. Umeme ulikuwa umekosa tangu Jumanne. Tulikuwa tukiongea mlangoni ili tuonane.

Hapo ndipo mimi nilipochoka, nikakosea. Nilimwambia wazi kwamba wote wanaokuja wanataka wakubwa, na wote wanakwazwa na sanduku la pili. Nani ana haja na picha za mamia ya watu wasiojulikana, wamevaa koti lilelile, wamefunga vinywa namna ileile? "Papa," nilisema, "hawa hawatakuja tena. Toa magavana kwa chuo, na sanduku hili lichome moto kwa heshima. Ni nyuso tu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, kwa kuwa ugomvi wake nilikuwa nimeuzoea. Alivaa kofia yake akaniaga kwa kunipa mkono, kama mtu anavyomuaga karani asiyemjua. Kwa msimu mzima wa mvua hakukanyaga kibandani kwangu. Barua zake alikwenda kuandikiwa mjini kati, na mshindani wangu huko alizijaza makosa, najua kwa sababu alinionyesha.

Alirudi mvua zilipopungua, bila maelezo, akaketi, akaanza kuniamuru barua ya saba, kwa shirika moja la Kinshasa. Siku hiyo kibandani alikuwamo mama mmoja ambaye Nyakasanza nzima humwita Mama Viti. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa sala na wa hesabu. Hukodisha vitu vya matanga: viti vya plastiki, mabashi ya kukinga jua na mvua, masufuria makubwa ya kupikia waombolezaji. Kila aliyefiwa mjini, awe wa upande gani, awe tajiri au mlinzi wa lango, hupita kwake. Alikuwa amekuja kunigombeza kuhusu fotokopi nyeusi. Alisikiliza barua mpaka katikati, akashindwa kuvumilia.

"Papa, shikamoo. Muko munatafuta nini?"

"Nyumba ya foto zangu."

"Zinakulaka?"

"Hapana."

"Zinaogopa nini?"

Mzee alihesabu kwa vidole. "Maji, panya, na watu wa biro, wale wa maofisi."

"Kwangu maji haiingie, mabashi ingeoza. Panya, niko na paka tatu."

"Na watu wa biro?"

"Wale wanakuyaka kwangu wakifiwa tu," alisema Mama Viti. "Siku ile wanakuwaka watu."

Niliacha kuandika. Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. Nilingoja aulize swali lake, lakini mama alimtangulia.

"Miye pia niko na swali, papa. Mutu akikuya analia, anatafuta foto ya mufu wake ya kutia kwa meza, nimupatie saa ile ile, ao kwenu kuko mambo ya kungoja?"

Barua ya saba haikuisha. Bado iko kwenye kompyuta yangu, imekatika kwenye maneno ya kumhakikishia mheshimiwa mkurugenzi.

Ndivyo magavana, maaskofu, mistari mitatu ya Mongbwalu na sanduku la Hawajakuja walivyohamia depo ya viti. Wakubwa wa mji walishangaa. Profesa alikuja, akaambiwa aketi, akaketi kwenye kiti cha kukodi, na tangu hapo huja kufanya utafiti wake palepale, katikati ya masufuria, bila barua ya katibu mkuu. Husema kwamba si mahali panapofaa. Lakini huja. Papa Foto alifunga studio, akahamishia huko meza yake. Na Mama Viti, ambaye zamani alimuuliza mfiwa maswali mawili, sasa anauliza matatu: viti ngapi, bashi ngapi, na foto iko?

Swali hilo la tatu niliulizwa mimi mwaka huu. Mama yangu mdogo alifariki, yule aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Nilikwenda depo asubuhi, nimejikaza, nina orodha mkononi kama mtu wa ofisi. Viti sitini. Bashi mbili. Foto hakuna, nilijibu. Nyumba yake iliungua na kila kitu mwaka ule, na baada ya hapo hakupenda kupigwa picha.

Papa Foto alikuwa mezani kwake. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufifia. Hakunikumbusha neno langu la moto, ingawa nililisikia mwenyewe masikioni. Alifungua sanduku la Hawajakuja, akapekua kwa vidole zaidi ya macho, akatoa picha tatu na kuzipanga mbele yangu. Wasichana watatu, wa miaka ishirini hivi, wamefunga vinywa.

Nilizitazama, nikaona haya. Mama mdogo nilimjua tangu nipate akili, lakini nilimjua akiwa mama mdogo. Miongoni mwa wasichana hawa hakukuwa na yeyote aliyewahi kunipiga kofi.

"Papa, ni nani hapa?"

"Miye niko kipofu," alisema. "Chukua yote tatu. Bamama kwenu watajua. Zenye haziko zenu utarudisha pamoja na viti."

Lilikuwa jambo la ajabu kutoka kwa mtu yule, kutoa picha bila mwenyewe kuja, lakini mfiwa haulizi mengi. Nyumbani, dada yake mkubwa alinyoosha kidole kabla sijamaliza kuziweka mezani. "Huyu. Alikataa kwenda kuichukua, alisema imemufanya mudomo mukubwa." Tukaitia kwenye fremu, na maua. Zile mbili nyingine nilizisimamisha kando, karibu na daftari la rambirambi, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Siku ya pili alikuja mezani mama mmoja aliyekuwa nyuma ya nyumba akiosha masufuria. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa wa upande ule ambao miaka ya vita hatukunywa nao chai, na hata sasa, kusema kweli, tunawapokea kwenye matanga na si kwenye harusi. Alifuta mikono yake kwenye kitenge, pande zote, polepole. Akaiinua moja ya zile picha.

"Huyu ni mama," alisema.

Akasema tena, safari hii kwa dada mkubwa wa marehemu: "Mama yangu. Sikukuwa tena na sura yake." Dada mkubwa, ambaye ulimi wake ninaujua, alisogea kwenye mkeka akampa nafasi. Wakakaa bega kwa bega, kila mmoja na picha yake. Mimi nilitoka nje nikalia. Kwa mama mdogo nilikuwa bado sijalia, na pale nililia kwa ajili ya wote wawili, na kwa ajili ya ule ushauri wangu wa kiberiti.

Matanga yalipokwisha nilirudisha viti sitini, bashi mbili, na picha moja. Papa Foto aliipokea, akaipapasa kingo.

"Nilikupatia tatu."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kushangaa hata kidogo, na hapo ndipo nilipofumbuka macho.

"Papa, ulijua. Toka mwanzo ulijua yetu ni gani."

"Miye nitajua nini?" Alijifanya kutafuta kitambaa. "Ule mama anaoshaka masufuria kwa kila matanga ya avenyu yenu. Hapa hawezi kukuya. Anaogopa watamuuliza kwao."

"Na huyu wa tatu?"

"Mutoto yake anauzisha ndizi nyuma ya shule, hapo tu karibu na kwenu. Hakukuya kulia na siye?"

"Hakuja, papa."

"Eeh," alisema kwa masikitiko. "Basi matanga yenu ilikosa watu."

Aliipangusa picha ile, akairudisha sandukuni, juu kabisa, tayari kwa matanga yajayo. Kisha akaniuliza, kwa heshima zote, kama kwetu kuna mgonjwa mwingine.